Sina kovu wala sijafungwa: je, naweza kuomba hifadhi?

Swali la msomaji:

"Niko ughaibuni kwa viza ya masomo. Kabla ya kuondoka nilikuwa mhasibu katika ofisi ya umma, na niliwaandikia wakaguzi taarifa kuhusu malipo hewa yaliyoidhinishwa na wakubwa wangu. Taarifa hiyo ilivuja mimi nikiwa tayari huku. Tangu hapo watu wawili wasiojitambulisha wamefika nyumbani kuniulizia. Kaka yangu ameshikiliwa usiku kucha bila kufunguliwa shtaka, akaambiwa anifikishie ujumbe kwamba nirudi 'tuyamalize'. Mimi napokea vitisho kwenye simu. Sijawahi kupigwa wala kufungwa, na si mwanachama wa chama chochote. Wenzangu wananiambia bila kovu hakuna hifadhi, niseme niliteswa, na kuna mtu anauza hadithi 'iliyokwisha kupita'. Pasipoti yangu inakaribia kuisha na sijui kama niende ubalozini. Nifanye nini?"

Jibu:

Dada yangu, hao wenzako wamekupotosha, na wamekupotosha mahali ambapo kosa halifutiki kirahisi. Hakuna sheria ya ukimbizi inayodai kovu. Mkataba wa Wakimbizi uliopitishwa Geneva mwaka 1951, pamoja na Itifaki ya 1967 iliyouondolea mipaka ya tarehe na ya kijiografia, unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu yenye msingi ya kuandamwa na kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kuwa kwake katika kundi fulani la jamii au maoni yake ya kisiasa, na ambaye kwa hofu hiyo hawezi au hataki kujiweka tena chini ya ulinzi wa nchi hiyo. Yasome maneno hayo taratibu, utaona yanatazama mbele. Afisa anataka kujua kitakachokupata ukirudishwa. Aliyewahi kupigwa ana ushahidi mzito kwamba anaweza kupigwa tena, ndiyo maana kovu lina thamani. Lakini aliyeondoka kabla mkono haujamfikia hapotezi haki yake kwa kuwa alitangulia.

Wala huhitaji kuonyesha kwamba madhara yatakupata bila shaka yoyote. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wazi kwamba mtu hawezi kuhesabiwa hana hofu yenye msingi eti kwa sababu uwezekano wa yeye kupigwa risasi au kuteswa ni asilimia 10 tu. Nchi nyingine zina maneno yao, ila kipimo cha hifadhi hakifanani na kile cha kesi ya jinai.

Najua pia unajiuliza, hata kama hukuandika: mimi niliondoka kwa amani, na viza mkononi, nikaagwa uwanja wa ndege, leo nitajiitaje mkimbizi? Utajiita hivyo kwa haki kabisa. Mtu anaweza kuwa mkimbizi akiwa tayari ugenini, mambo yakiharibika nyuma yake. Mwongozo wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ambao maofisa wa nchi nyingi wameutumia tangu 1979 unawataja wanafunzi kwa jina miongoni mwa watu waliowahi kutambuliwa kwa njia hiyo. Kwenye fomu ya viza uliandika kwamba utarudi nyumbani baada ya masomo, na siku ile ulikuwa unasema kweli. Kilichobadilika ni kule kuvuja kwa taarifa. Tarehe ya kuvuja ndiyo nguzo ya kesi yako, kwa hiyo itafute na uishike vizuri: ilitoka wapi, nani aliiona kwanza, wewe ulijuaje.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, ambayo wenzako hawakuigusa kabisa. Hatari peke yake haitoshi. Lazima hatari hiyo ifungamane na moja ya zile sababu tano. Hapo ndipo kesi kama yako hukataliwa, hata pale afisa anapoamini kila neno la mwombaji. Atasema: nakuamini, lakini hawa ni wezi wanaolinda mifuko yao, huu ni ugomvi wa kazini na uhalifu wa kawaida, siasa iko wapi?

Siasa ipo, na hoja hii si ya kubahatisha. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Kanada ilieleza kwamba maoni ya kisiasa ni maoni yoyote kuhusu jambo ambalo mitambo ya dola na serikali inaweza kuhusika nalo. Kadi ya chama haikutajwa. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya nchi hiyohiyo ikaitumia kauli hiyo kwa mfanyabiashara wa Ukraine aliyekuwa amelalamikia rushwa iliyoenea kwa maofisa wa serikali, ikasema kulalamika vile ni kutoa maoni ya kisiasa. Mahakama za rufani za Marekani nazo zimewahi kukubali kwamba kufichua ufisadi wa serikali kunaweza kuwa tendo la kisiasa. Tena si lazima uwe na maoni hayo moyoni. Wanaokuwinda wakikubandika maoni hayo, inatosha.

Kwa hiyo fungua simu yako na usome vile vitisho upya, ukiwa na kalamu. Wanakuitaje? Kama kuna maneno kama "msaliti", "unatumiwa", "umeichafua serikali", hayo ni dhahabu kwako, maana yanaonyesha wanakuona kama adui wa utawala. Kama yanasema tu "utaona", basi kufungamana huko itabidi kutoke mahali pengine: hao wakubwa wana vyeo gani, wana uhusiano gani na wenye madaraka, je, watu wengine waliofichua mambo kama hayo walifanywa nini, je, wakaguzi uliowaandikia walichukua hatua yoyote au taarifa ilizimwa? Jambo dogo la kuuliza ni hili: aliyemshikilia kaka yako ni nani? Polisi waliovaa sare, watu wa usalama, au vijana wa kukodiwa? Ukiandika "walimkamata" bila kusema ni nani, unamwachia afisa ajaze pengo mwenyewe, na atalijaza kwa namna isiyokusaidia.

Maswali mawili mengine yatakuja bila shaka yoyote. La kwanza, kwa nini usiripoti polisi? La pili, kwa nini usihamie mkoa mwingine wa nchi yako? Usiyajibu kwa hasira, ingawa yanaudhi. Hifadhi ya kigeni hutolewa pale ulinzi wa nyumbani unaposhindikana, kwa hiyo lazima waulize. Kama aliyemshikilia kaka yako ni chombo cha dola chenye mkono nchi nzima, mkoa mwingine hauna maana, na hilo uliseme kwa ukamilifu: watakupataje, kwa kutumia nini, mfano namba ya kitambulisho, simu, benki, ajira.

Na ikiwa afisa atashikilia kwamba hakuna siasa hapa, bado zipo njia nyingine, na nyingi huchunguzwa ndani ya ombi lilelile. Umoja wa Ulaya una hifadhi ya nyongeza, iliyowekwa katika Maelekezo ya mwaka 2011, kwa mtu ambaye hakidhi masharti ya ukimbizi lakini akirudishwa atakabiliwa na adhabu ya kifo, mateso au udhalilishaji mzito, au hatari kwa maisha yake katika vita visivyochagua. Kanada huwalinda pia walio katika hatari ya kuteswa au kuuawa, bila kudai zile sababu tano. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso wa 1984, kifungu cha 3, unakataza kumpeleka mtu yeyote mahali ambapo kuna sababu nzito za kuamini atateswa. Hifadhi hizi mara nyingine zina haki pungufu, kwa mfano kuhusu muda wa kibali au kuileta familia, lakini zinakuzuia kurudishwa, na hilo ndilo la kwanza. Ukisikia watu wanazungumzia hifadhi ya muda inayotolewa kwa kundi zima, kama ile ambayo Ulaya iliifungua Machi 2022 kwa waliokimbia Ukraine, hiyo hutangazwa na serikali kwa sababu ya vita au maafa. Haikuhusu.

Nirudi kwa huyo muuza hadithi, maana hapa nina uchungu. Watu wenye kesi nzuri hupoteza kila kitu kwa kununua kesi mbaya. Mitaani kuomba hifadhi kwa hadithi ya kubuni wanaita kujilipua, na jina hilo limebeba hatari kuliko wanaolitumia wanavyodhani. Una kisa cha kweli chenye tarehe, majina, taarifa iliyoandikwa, ujumbe ulio kwenye simu na shahidi aliye hai. Ukakiache, ubebe cha mtu mwingine ambacho hukukiishi, kisha ukikalie kwenye kiti saa nyingi ukiulizwa chumba kilikuwa na madirisha mangapi, mlango ulifungukia wapi, ulivaa nini siku hiyo? Njia ya mwongo ni fupi, na maofisa wamezoea kuipima urefu. Hadithi "iliyokwisha kupita" imepita mikononi mwao pia. Wanapokutana na aya zilezile kwenye majalada matatu, wote watatu wanaangushwa, hata yule ambaye kisa kilikuwa chake.

Desemba 2012 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki watu 26, wakiwemo mawakili, kwa kuwatungia waombaji hifadhi hadithi za uongo, na miaka kadhaa baadaye maofisa bado walikuwa wakifungua upya majalada ya watu waliokwisha kupewa hifadhi kupitia ofisi hizo. Muuzaji hukupa hadithi na kuondoka na pesa. Kiapo ni chako wewe. Chini ya sheria ya Marekani, mtu akithibitika kuwasilisha kwa makusudi ombi la uongo baada ya kuonywa anaweza kufungiwa faida zote za uhamiaji maisha yake yote. Na tangu 2005 sheria yao inamruhusu hakimu wa uhamiaji amkatae mwombaji kwa sababu ya mgongano wowote katika maelezo yake, hata usiohusu kiini cha kesi. Sasa fikiria unaongeza kipigo kimoja tu "kidogo" kwenye kisa chako cha kweli, halafu kaka yako, katika barua yake, hakitaji. Uongo mmoja utaichoma taarifa ya wakaguzi, vitisho, na kule kushikiliwa, vitu ambavyo vyote vilikuwa kweli. Usiongeze hata chembe.

Hilo linahusu pia karatasi. Katika nchi nyingi unaweza kununua hati ya kukamatwa, barua ya polisi, hata gazeti lililochapwa kwa ajili yako. Maofisa wanalijua hilo kuliko wewe. Hati moja ya kughushi ni mbaya kuliko kutokuwa na hati kabisa.

Ushahidi halisi unao, ila hujauona kuwa ni ushahidi. Usifute ujumbe hata mmoja, na usibadilishe simu kabla ya kuhifadhi kila kitu. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, pamoja na mazungumzo ya kabla na baada, kisha utume nakala mahali pengine salama. Tafuta nakala ya taarifa uliyowaandikia wakaguzi, barua pepe uliyoitumia kuituma, barua yako ya ajira, hati za mishahara, chochote kinachoonyesha ulikuwa na nafasi ya kuyaona hayo malipo. Kaka yako anaweza kuandika maelezo yake mwenyewe kwa maneno yake mwenyewe. Usimwandikie wewe, maana barua mbili zenye lugha moja hutiliwa shaka. Jirani aliyewaona wale watu wawili naye anaweza. Lakini asiende mtu yeyote kituo cha polisi kukuombea karatasi. Hakuna ushahidi unaolingana na usalama wa aliye nyumbani. Mwambie wakili wako kwamba umeshindwa kuupata na kwa nini, sababu hiyo nayo huandikwa.

Juu ya hayo, wakili ataweka ripoti za hali ya nchi: za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, za Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, za Wakala wa Hifadhi wa Umoja wa Ulaya, za mashirika kama Amnesty International na Human Rights Watch. Hizo haziwezi kusema lolote kukuhusu wewe, lakini zinaonyesha kwamba unachokieleza ni kitu kinachotokea. Na pale mwombaji anapokuwa ameeleza kwa ukweli, kwa mpangilio, na amejitahidi kupata alichoweza, mwongozo wa UNHCR unasema apewe nafuu ya shaka, yaani aaminiwe panapobaki shaka, kwa kuwa mkimbizi ni nadra kuthibitisha kila sehemu ya kisa chake kwa karatasi.

Kuhusu pasipoti: usiende ubalozini kwanza. Kuomba pasipoti mpya ni kuomba ulinzi wa serikali ileile unayosema unaiogopa, na afisa atauliza kwa nini mwenye hofu aliingia mwenyewe mlangoni mwao. Kwa aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi jambo hili ni zito zaidi, maana Mkataba wa 1951, kifungu cha 1C, unaruhusu hadhi ikome pale mtu anapojirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake. Kwa wewe ambaye hujaomba, si kufuli inayofunga kesi, lakini ni swali ambalo huhitaji kujiongezea. Pasipoti iliyoisha muda si kosa la kukunyima hifadhi. Usiitupe wala kuichana, hata kama kuna wanaokushauri hivyo. Ndiyo inayothibitisha wewe ni nani. Ukikubaliwa kuwa mkimbizi, kifungu cha 28 kinaitaka nchi iliyokupokea ikupe hati ya kusafiria, ambayo kwa kawaida itakupeleka nchi nyingine ila si ile uliyoikimbia. Na safari ya kwenda nyumbani "mara moja tu", hata kwa msiba, inaweza kukuondolea yote. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalouma kuliko yote, na watu huligundua wakiwa wameshasaini.

Usicheleweshe. Marekani ombi linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, isipokuwa uonyeshe kwamba hali imebadilika au ulikuwa na sababu isiyo ya kawaida. Kuwa na viza halali muda wote huo huweza kukubalika kuwa sababu, mradi usikae sana baada ya hapo. Uingereza sheria ya 2004 inamtaka afisa aone dosari katika ombi linaloletwa baada tu ya mtu kupewa uamuzi wa kumkatalia kukaa au baada ya kukamatwa. Kila mahali mantiki ni moja: anayeogopa kweli husema mapema. Miezi ikiwa imeshapita tangu kuvuja kwa taarifa, andaa maelezo ya kwa nini ulingoja. "Nilitumaini yataisha" ni jibu la kibinadamu na maofisa hulisikia, likisemwa kwa ukweli.

Omba ulipo. Utaambiwa nchi fulani ndiyo rahisi, panda basi uende. Katika Ulaya, chini ya kanuni zilizojulikana kwa miaka mingi kama mfumo wa Dublin, nchi iliyokupa viza kwa kawaida ndiyo yenye jukumu la kulisikiliza ombi lako. Alama za vidole zitakutambulisha na utarudishwa hukohuko, ukiwa umepoteza miezi. Kanada na Marekani nazo zina makubaliano yaliyoanza kutumika Desemba 2004 na kupanuliwa Machi 2023 hadi mpaka wote wa nchi kavu, ambayo humrudisha mwombaji aliyevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukiacha wale wanaoingia katika vighairi kama vile kuwa na ndugu wa karibu upande wa pili.

Kabla ya yote hayo, kaa chini uandike kisa chako kwa lugha unayoiotea ndoto. Andika tangu siku uliyoona malipo ya kwanza yasiyoeleweka hadi ujumbe wa mwisho uliopokea. Usipambe. Pale usipokumbuka tarehe, usibuni. Funga tukio kwenye kitu unachokikumbuka, kama wiki ya kufunga hesabu za mwaka au siku ya mtihani wako wa kwanza huku. "Sikumbuki" ni jibu halali. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa wakimbizi wa Kosovo na Bosnia waliohojiwa mara mbili kuhusu matukio yaleyale. Walikuwa tayari wameruhusiwa kubaki Uingereza, hawakuwa na sababu ya kudanganya, na bado masimulizi yao yalipishana, hasa katika mambo ya pembeni. Kumbukumbu ya mtu aliyeogopa haifanyi kazi kama daftari la mapokezi. Kama hulali, kama unashtuka, mwone daktari, kwa afya yako kwanza, na pia kwa sababu ripoti yake inaweza kueleza kwa nini tarehe zako zinayumba.

Kisha linganisha maandishi hayo na kila ulichowahi kuwaambia: fomu ya viza, fomu ya chuo, kurasa zako za mitandao ya kijamii. Afisa atakuwa na jalada la viza mezani. Kama kule uliandika mwajiri mwingine, au hukumtaja mtoto, ueleze mwenyewe kabla hujaulizwa. Wataje watoto wako wote na mwenzi wako hata kama hawako nawe, kwa sababu asiyetajwa leo ni vigumu kumleta kesho.

Katika nchi nyingi, siku ya mahojiano unapewa mkalimani, na unaweza kuomba mhojaji na mkalimani wa kike. Omba mtu anayekielewa Kiswahili chako. Cha Bukavu na cha Unguja havifanani. Na kuna mitego miwili ambayo imewaumiza Waswahili wengi bila kosa lao. Ukisema walikuja saa mbili usiku, na mkalimani akaiacha ile mbili kama ilivyo, jalada litasoma wamekuja saa nane za usiku wa manane, kisha maelezo ya kaka yako yatakupinga. Taja saa, halafu ongeza: mara tu baada ya kuingia giza. Mtego wa pili ni ndugu. Kama huyu kaka ni mtoto wa baba yako mkubwa, liseme hilo tangu ukurasa wa kwanza, la sivyo fomu yako itasema una kaka na orodha ya watoto wa wazazi wako itasema huna. Mwishoni omba usomewe yaliyoandikwa, na urekebishe palepale. Usisaini kwa aibu ya kuwachelewesha watu.

Unayoyasema mle ni siri. Serikali unayoiomba hairuhusiwi kuijulisha ya nyumbani kwamba umeomba. Lakini wewe nawe usiwasimulie watu wa makundi ya simu, maana habari zako zilivuja mara moja tayari.

Mtafute wakili au mshauri aliyesajiliwa, na umuulize namba yake ya usajili bila kuona haya. Uingereza washauri wa uhamiaji wasio mawakili lazima wasajiliwe na chombo cha serikali. Marekani kuna wawakilishi waliothibitishwa na Wizara ya Sheria wanaofanya kazi katika mashirika ya misaada, na wengi hutoza kidogo au hawatozi kabisa. Vyuo vikuu vingi vina kliniki za sheria. Muulize pia kuhusu viza yako ya masomo, kwa sababu katika nchi nyingine kuomba hifadhi hakuifuti lakini hukuletea ugumu wa kuiongeza, na ruhusa ya kufanya kazi wakati wa kusubiri inatofautiana mno. Mpaka upate jibu hilo, usiache chuo. Kusubiri kunaweza kuchukua miezi au miaka, na kila ukihama, peleka anwani mpya siku hiyohiyo. Watu hupoteza kesi kwa barua iliyofika nyumba waliyokwisha kuihama. Jibu likiwa la kukataa, muda wa rufani katika nchi kadhaa hauzidi wiki mbili, na wengi hushinda huko, kwa hiyo siku ya barua ndiyo siku ya kumpigia wakili.

Amebaki kaka yako, ambaye hukuuliza juu yake ila amejaa katika kila mstari wa barua yako. Ombi lako kwa kawaida litabeba mwenzi na watoto wadogo, si ndugu. Hutaweza kumvuta kupitia kwako. Akiona hali inazidi, yeye mwenyewe atalazimika kuvuka mpaka na kuomba kwa jina lake, maana ndani ya nchi yake haitwi mkimbizi. Nchi nyingi za Afrika zinafuata pia Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao ni mpana zaidi ya ule wa Geneva kwani unawapokea hata waliokimbia machafuko makubwa. Ila kwa mtu kama yeye, aliyeshikiliwa kwa sababu ya dada yake, ule wa Geneva unaweza kumtosha, kwa sababu kuadhibiwa kwa maoni ya ndugu yako ni jambo linalotambulika. Aende ofisi ya wakimbizi ya serikali ya nchi aliyofikia, au UNHCR. Huduma za UNHCR ni bure kuanzia kuandikishwa hadi uamuzi, na yeyote atakayemdai pesa ili amsogeze mbele kwenye orodha ni tapeli. Zungumza naye kuhusu hili kwa njia ambayo simu yake ikichukuliwa haitamsaliti, na umuulize kwanza kama anataka kuondoka.